Chokoleti kwenye joto la Tanga: nunua kipimajoto, mashine iache dukani

Swali: Shikamoo mama. Ninaishi Chumbageni, Tanga. Natengeneza tende za kuchovya kwenye chokoleti, ndani naweka korosho, nawauzia watu wa sikukuu na harusi. Nayeyusha chokoleti kwenye sufuria, ikiwa nzito naongeza kijiko cha majarini, nachovya, kisha naweka kwenye friji. Zikitoka zinang'aa, lakini baada ya siku mbili zinaingia weupe kama zimepakwa majivu, na ukizishika zinalainika. Nimeshauriwa ninunue mashine ya kuyeyushia na kutempa. Nina laki moja na nusu. Ninunue ipi? Na zile chokoleti kilo mbili zilizoingia weupe, nizitupe?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nianze na hela, maana hiyo ndiyo inayoweza kupotea kesho asubuhi: usinunue mashine. Kuyeyusha hakujakushinda, sufuria yako inayeyusha vizuri tu. Kinachokushinda ni kupoza, na kwa laki moja na nusu hupati mashine inayopoza. Zile za kuyeyushia ni bakuli lenye waya wa moto chini yake. Zinapasha na kutunza joto, basi. Zile ndogo zinazouzwa kwa sifa ya kutempa, yaani kuipasha na kuipoza chokoleti kwa mpangilio, nyingi hazina friji ndani, zina feni. Feni inapuliza hewa ya chumbani kwako, na hewa hiyo wakati wa kaskazi ina nyuzi 31 au 32 mchana. Ukiipulizia chokoleti hewa ya nyuzi 32, haitashuka chini ya hapo hata ukeshe nayo. Mashine hizo zimeundwa kwa watu ambao jikoni kwao kuna nyuzi 20.

Kwa hiyo hela yako iende kwenye mambo mawili: kulijua joto la chokoleti kwa namba, na kupata ubaridi mkavu. Vingine karibu vyote unavyo nyumbani.

Nikueleze kwanza kinachotokea ndani ya chokoleti, maana ukikijua utaweza kujiamulia mwenyewe hata siku ambayo mambo hayaendi kama nilivyoandika. Mafuta ya chokoleti halisi ni siagi ya kakao, inayokamuliwa kwenye mbegu kama zile zinazolimwa Kyela na bonde la Kilombero. Siagi hii ikiganda inajipanga kwa fuwele, yaani vichembe vigumu vyenye mpangilio, na ina namna sita za kujipanga. Nne za mwanzo ni dhaifu, zinayeyuka kati ya nyuzi 17 na 28 hivi, kwa hiyo juu ya meza ya Tanga haziwezi kusimama. Ya tano inayeyuka karibu na nyuzi 34. Hiyo ndiyo tunayoitafuta: inang'aa, inakatika kwa mlio, inajivuta kidogo ikiganda, na inavumilia kushikwa. Ya sita hujitokeza yenyewe chokoleti ikikaa muda mrefu, nayo huja na weupe.

Kutempa ni kuipasha na kuipoza chokoleti kwa mpangilio, ili inapoanza kuganda iwe tayari na mbegu za fuwele ya tano ndani yake. Mbegu hizo zikiwepo, mafuta yaliyobaki yanajipanga kwa kuzifuata. Zisipokuwepo, kila sehemu inaganda inavyotaka.

Sasa tazama unavyofanya wewe. Unaipasha chokoleti mpaka fuwele zote zinakufa, kisha unaikimbiza kwenye friji yenye nyuzi 4. Inaganda kwa haraka kwa zile fuwele dhaifu. Ikitoka inang'aa kwa sababu haijapata muda wa kuharibika. Siku mbili zinazofuata fuwele dhaifu zinayeyuka na kujipanga upya, mafuta yanasukumwa juu, na hayo ndiyo majivu unayoyaona. Majarini inaongeza matatizo mawili juu ya hilo: ina mafuta laini yanayoilegeza siagi ya kakao, na ina maji ndani yake. Iache kabisa. Hata mafuta ya alizeti usitie. Chokoleti ikiwa nzito kwa kuchovya, dawa yake ni siagi ya kakao yenyewe kidogo, au kununua chokoleti yenye siagi hiyo nyingi zaidi.

Kabla ya kununua chochote, geuza pakiti ya chokoleti unayotumia usome viambato. Kama mafuta yaliyotajwa ni siagi ya kakao, endelea na maelezo haya. Kama ni mafuta ya mawese, ya mbegu za mawese, au mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani, hiyo haihitaji kutempwa. Unayeyusha, unachovya, inaganda yenyewe. Wengi wanahangaika kutempa kitu kisichotempeka, na wengine wanadhani wameshajua kutempa kumbe wanatumia hiyo.

Kifaa cha kwanza ni kipimajoto. Nunua kile cha jikoni cha dijitali chenye mchi mwembamba wa kuchomeka, kinachoonyesha sehemu ya kumi ya nyuzi. Kwa kawaida bei yake haifiki robo ya bajeti yako. Najua utaambiwa utumie kile cha kupimia homa ulichonacho. Hakifai: vingi vya dijitali vinaanza kusoma nyuzi 32, na wewe unataka kujua 27 na 31. Cha kioo chenye zebaki usikisogeze kabisa karibu na chakula. Kile cha mfano wa bunduki cha kupimia paji la uso nacho kimetengenezwa kwa joto la mwili. Zipo bunduki za jikoni zinazosoma kuanzia chini kabisa, lakini zinasoma uso tu wa chokoleti, huku katikati kukiwa na nyuzi tatu au nne zaidi. Na ukiielekezea bakuli la chuma linalong'aa inakupa namba ya uongo. Ukiwa nayo, koroga kwanza ndiyo upime, na uelekeze kwenye chokoleti yenyewe.

Kipimajoto kipya usikiamini hivihivi. Jaza glasi vipande vya barafu, mimina maji kidogo ya kujaza mianya, koroga, subiri dakika mbili, chomeka mchi katikati bila kugusa glasi. Lazima kisome 0. Kikisoma 1.5, andika hiyo tofauti kwenye karatasi uibandike ukutani, uwe unaitoa kila unapopima. Wewe uko usawa wa bahari, kwa hiyo unaweza kukijaribu pia kwenye maji yanayochemka, yatasoma 100. Ndugu yako wa Lushoto asifanye hivyo, kwake maji yanachemka karibu na nyuzi 95 kwa sababu ya mwinuko. Kosa la nyuzi mbili kwenye wali huwezi hata kulihisi. Kwenye chokoleti, kati ya 31 na 34 kuna tofauti ya kazi nzuri na kazi iliyoharibika.

Kifaa cha pili ni mizani ndogo ya dijitali inayopima gramu. Kama unapika keki bila shaka unayo.

Halafu hotipoti. Hiyo hotipoti yako ya kuwekea wali au chapati ni chombo bora cha kutunzia chokoleti kuliko bakuli nyingi za umeme. Chukua kubwa, tia maji ya uvuguvugu ya nyuzi 34 mpaka robo, weka juu yake bakuli la stenlesi linalokaa vizuri mdomoni bila kuacha mwanya. Chokoleti ndani ya bakuli itabaki kwenye 31 au 32 muda mrefu, na ikianza kushuka unaongeza kikombe cha maji ya moto, unapima. Hakuna luku inayoliwa hapo. Na ikiwa ni Februari mchana hutaihitaji hata hiyo, kwa sababu chumba chenyewe kinatunza joto.

Mwiko uwe wa silikoni. Wa mbao unakunywa maji na kuyatoa wakati usiotaka, na tone moja la maji likiingia kwenye chokoleti iliyoyeyuka, sukari inalinyonya, inashikana, na chokoleti yote inageuka tope zito lenye chengachenga. Kwa sababu hiyohiyo bakuli, kijiko, mchi wa kipimajoto na mikono yako vyote viwe vikavu kabisa. Ikitokea imeshikana, usiitupe: ongeza maji au maziwa ya moto, angalau kijiko kimoja cha chakula kwa kila gramu 60 za chokoleti, koroga kwa nguvu, itarudi kuwa laini. Haitafaa tena kuchovyea, lakini ni mchuzi mzuri wa juu ya keki.

Nyenzo ya kuchovyea usinunue. Chukua uma wa plastiki wenye meno manne, vunja mawili ya katikati, basi. Jiwe la marumaru wanalotumia mafundi wa Ulaya kumwagia chokoleti ili ipoe nalo liache, maana chumba kikiwa na nyuzi 30 na jiwe lina nyuzi 30. Rais kuka iliyo kwenye "kutunza joto" inazidi nyuzi 60, itakuunguzia. Mikrowevu kama unayo, itumie kwa nusu ya nguvu, sekunde 20 au 30 kila mara, ukikoroga kila unapofungua, kwa kuwa kipande cha chokoleti kinaweza kuwa kimeyeyuka chote huku kikiendelea kusimama na umbo lake.

Sasa kazi yenyewe. Nitakuandikia ya chokoleti nyeusi, na kwa Tanga nakushauri ubaki na hiyo miezi yote ya kaskazi. Sababu ni ya kipimo: nyeusi inafanyiwa kazi kwenye nyuzi 31 hadi 32, ya maziwa kwenye 29 hadi 30, nyeupe kwenye 28 hadi 29. Chumba kikiwa na 32, ile ya maziwa inapita kiwango chake ikiwa imekaa tu mezani, na mbegu ulizozihangaikia zinayeyuka ukiwa unachovya. Kusi likiingia, Juni hadi Agosti, alfajiri za nyuzi 21 au 22 zinakuruhusu kufanya zote. Na kuna alama ya bure ya kukwambia chumba kikoje: chupa ya mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi yanaganda karibu na nyuzi 24. Ukiamka ukayakuta yameganda, siku hiyo ni ya chokoleti.

Chukua nusu kilo. Katakata yote vidogo kama punje za mahindi. Gramu 350 weka kwenye bakuli la stenlesi, gramu 150 zifungie kwenye kopo lisilopitisha hewa. Hizo 150 ni mbegu zako, kwa hiyo lazima zitoke kwenye chokoleti ambayo bado ni nzima, inayong'aa na kukatika kwa mlio. Iliyokwisha kuyeyuka njiani ndani ya gari ikaganda tena, ikawa na madoa meupe, haifai kuwa mbegu hata kidogo, ingawa inafaa sana kuwa ile ya kuyeyushwa.

Chemsha maji kidogo kwenye sufuria, zima gesi au ondoa kwenye mkaa, ndipo uweke bakuli juu. Chini ya bakuli pasiguse maji. Mvuke ukitoka pembeni, zungushia kitambaa kikavu. Koroga taratibu mpaka ifike nyuzi 45, isizidi 50. Toa bakuli, na kabla ya kuliweka popote lifute chini yake kwa kitambaa, maana hapo ndipo tone la maji linapojificha na kudondoka wakati unamimina.

Hapa ndipo Tanga inapokudai kazi ya ziada. Kitabu cha mapishi kitakwambia uiache ipoe yenyewe au ulikalishe bakuli kwenye maji ya bomba. Maji ya bomba yetu wakati wa joto yana nyuzi 28 au zaidi, yatakuchukua muda mrefu mno. Weka lita 3 za maji hayo kwenye beseni, tia robo kilo ya barafu, ile ya mfuko wanayouza mtaani. Ikiisha kuyeyuka maji yatakuwa karibu na nyuzi 20. Usizidishe barafu, kwa sababu ukingo wa bakuli utaganda kabla ya katikati na utapata mabonge. Kalisha bakuli humo huku unakoroga, ukipitisha mwiko pembeni na chini bila kusimama, mpaka kipimajoto kisome 37 hivi. Toa, futa chini.

Anza kutia mbegu. Theluthi ya kwanza itayeyuka yote na kulishusha joto, hilo ni sawa. Theluthi ya pili itayeyuka polepole zaidi. Ya tatu, angalia kwa makini: ikifika nyuzi 32 ikiwa bado kuna vipande vichache vinavyoogelea ambavyo havitaki kuyeyuka, umefika. Vipande hivyo vinakuonyesha kwamba fuwele ya tano ipo na imekaa. Kama vyote vimeyeyuka na bado uko 33 au 34, tia kipande kingine kikubwa kimoja, koroga nacho, na ukifika 31.5 kitoe kwa uma ukiweke kando kigande, utakitumia kesho. Utaiona chokoleti inabadilika mbele ya macho yako: mwanzo ilikuwa nyepesi inayoteleza kwenye mwiko kama mafuta, sasa inaanza kuvaa mwiko, na mchirizi unaodondoka juu yake unabaki kidogo kabla ya kuzama.

Ipo pia njia fupi, na kwa tende kilo moja moja huenda ndiyo itakayokufaa zaidi. Kama chokoleti yako imetoka dukani ikiwa nzima na yenye mlio, tayari ina fuwele ya tano ndani yake. Usiziue. Ikatekate ndogo sana, iweke kwenye bakuli juu ya hotipoti yenye maji ya nyuzi 40, koroga kwa subira. Ikiwa theluthi mbili imeyeyuka, toa bakuli, endelea kukoroga mpaka iliyobaki imalizike. Maadamu haijavuka nyuzi 32 popote ndani ya bakuli, imetempwa, na hukuhitaji barafu. Ikivuka 34, rudi kwenye njia ndefu bila kujidanganya.

Jaribio la kuthibitisha wengi hulifanya vibaya huku pwani. Wanachovya ncha ya kisu, wanaiacha mezani dakika tano, haigandi, wanasema imeshindikana. Kwenye chumba cha nyuzi 30 hata chokoleti iliyotempwa kikamilifu itachelewa au itabaki laini. Chovya ncha ya kisu, iweke ndani ya deli au kwenye friji dakika tatu, toa. Ikiwa kavu, ina mng'ao sawasawa, na haiachi alama kwenye kidole, endelea. Ikiwa na michirizi ya kijivu au inanata, ongeza mbegu ukoroge tena.

Nimetaja deli, na hapa natumia muda kwa sababu ndilo nusu ya siri ya kazi nzima. Ninasema lile sanduku lenye kuta nene wanalobebea barafu na samaki. Lako liwe jipya au lisiwe limewahi kubeba samaki, kwa sababu siagi ya kakao inanyonya harufu kwa haraka ya kutisha. Gandisha chupa nne za maji za lita moja. Zifunge taulo, zipange chini na pembeni, funika deli nusu saa kabla ya kazi. Weka kipimajoto ndani. Unatafuta nyuzi 13 hadi 18. Ikishuka chini ya hapo toa chupa moja.

Kwa nini deli na si friji? Friji ya nyumbani ni baridi mno, inafunguliwa kila mara, na kila ikifunguliwa inavuta hewa ya Tanga yenye unyevu. Hewa yetu wakati wa joto inaanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi 23 au 24. Maana yake tende iliyotoka kwenye nyuzi 4 inalowa mara tu unapoitoa. Umande unayeyusha sukari ya juu, ukikauka sukari inabaki kama unga mweupe unaokwaruza. Huo ni weupe wa aina nyingine, wala haukutokana na kutempa. Kwenye deli lililofungwa, unyevu uliomo unaishia kwenye taulo za chupa, na hewa inabaki kavu.

Tende zikishachovywa, ziache mezani dakika chache, kisha ziingize ndani ya deli zikiwa juu ya trei yenye karatasi ya kuokea. Zipange zisigusane, kwa kuwa chokoleti inapoganda inatoa joto lake, na zikibanana zile za katikati zinapashana na kuharibu kazi. Nusu saa inatosha. Kisha fanya hivi, na tafadhali usiruke hatua hii: fungua mara moja kwa haraka, toa chupa za barafu, funga tena na ziache tende humohumo mpaka kipimajoto kisome 25. Hapo ndipo unapozitoa. Hazitalowa.

Ikiwa kuna mtu nyumbani ana chumba chenye kiyoyozi, mwombe saa mbili. Kiyoyozi kwenye nyuzi 20 kinapoza na kukausha hewa kwa pamoja, kinashinda deli. Lakini usinunue kwa ajili ya hili.

Na tende zenyewe. Usizioshe siku ya kuchovya; zifute kwa kitambaa kikavu, toa kokwa, weka korosho iliyokaangwa na kupoa kabisa, uziache wazi mbele ya feni saa moja uso ukauke. Zisiwe baridi. Tende iliyotoka kwenye friji inaigandisha chokoleti kwa pupa, kisha inapopata joto inatanuka na kuipasua ganda. Ujue pia kwamba mafuta ya korosho yanahama taratibu kuingia kwenye chokoleti na kuilegeza, hata ukitempa vizuri kiasi gani. Tengeneza karibu na siku ya kuuza, usiweke akiba ya miezi.

Kuhusu kuuza nitakwambia bila kukuficha, kwa sababu ni riziki yako. Kutempa hakubadilishi hali ya hewa. Chokoleti nzuri kabisa inaanza kulainika kwenye nyuzi 28 au 29 na kuyeyuka kwenye 34, kwa hiyo ukiipanga juani Ngamiani saa saba mchana itakuaibisha. Miaka hii Idi el-Fitri inaangukia Machi, na kwa kuwa inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, inaelekea Februari, katikati ya kaskazi. Peleka asubuhi na mapema, ndani ya deli, kwenye makopo yaliyofungwa, na mwambie mteja asifungue kopo mpaka lipate joto la chumba. Kwa harusi ya mchana kwenye hema, mshauri mwenye shughuli achukue zilizochovywa kwenye ile isiyo na siagi ya kakao, inayostahimili joto, na umwambie wazi kuwa ndiyo hiyo na bei yake ni ndogo. Mimi ladha yake siipendi, inabaki kama nta juu ya ulimi, lakini kumuuzia mtu hiyo kwa jina na bei ya chokoleti halisi ni kumdhulumu.

Kilo mbili zako usizitupe, ziko salama kuliwa. Chukua moja, sugua pale penye weupe kwa kidole. Ukiyeyuka na kutoweka ni mafuta. Ukibaki na chengachenga ni sukari. Ukitaka uhakika dondosha tone la maji: juu ya mafuta litasimama kama kishanga, juu ya sukari litatandaa na kuyeyusha weupe. Zenye sukari zipeleke kwenye unga wa keki au maziwa ya moto. Zenye weupe wa mafuta ungeweza kuziyeyusha na kuzitempa upya ukitumia mbegu mpya, lakini hizi zako zina majarini, kwa hiyo hazitang'aa wala kukaza tena hata ufanye nini. Zitengenezee mchuzi wa chokoleti: gramu 200 za chokoleti hiyo kwa gramu 100 za krimu au maziwa mazito ya moto, koroga mpaka ilainike, ijaze ndani ya tende badala ya korosho, na uziuze kutoka kwenye friji wiki hiihii. Ukiwa umepata kipimajoto, anza na nusu kilo ya chokoleti mpya alfajiri, kabla jua halijapanda, na uniandikie namba ulizozipata: nyuzi za chumba, za chokoleti ulipoanza kuchovya, na za ndani ya deli. Nikiziona hizo tatu nitajua pa kukurekebishia.